Ijumaa Nje ya Darasa la Dini

Shule yetu ilikuwa ya serikali. Walimu waliandikwa na serikali, vitabu vililetwa na serikali, na bendera iliyopandishwa kila Jumatatu ilikuwa ya serikali. Lakini ardhi ilitolewa na kanisa, na madarasa ya kwanza, yale ya mawe, yalijengwa na kanisa hilohilo. Tuliliita "mfadhili," na neno hilo lilitosha. Mfadhili alikuwa na watu wake kwenye bodi ya shule. Msalaba wake ulichorwa juu ya mlango wa ofisi. Na kila Ijumaa, baada ya uji wa saa nne, masomo mengine yalisimama tukaingia kipindi chake.

Kipindi hicho hakikuwa lile somo la dini lililokuwa kwenye mtihani. Hilo tulilisoma sote siku nyingine, kama hesabu na sayansi. Cha Ijumaa kilikuwa cha kusali, kuimba na kufundishwa njia za mfadhili. Mwalimu wake alikuwa mama mmoja mpole aliyetumwa na kanisa, aliyekuja kwa miguu akiwa na mwavuli hata siku zisizo na jua wala mvua. Nilimpenda. Alikuwa na sauti ya chini, na mimi huogopa watu wenye sauti kubwa.

Kwetu ni upande wa juu wa soko la Kisegi, mahali unapoona ziwa lakini husikii mawimbi yake. Mama simkumbuki. Nililelewa na baba, ambaye ni fundi wa mashua, na nyanya aliyemzaa baba. Tulisali na watu wa roho, wale wanaovaa kanzu nyeupe na kuimba kwa ngoma. Hatukuwa na jengo la kanisa. Tulikusanyika uani kwa jirani, na mvua ikija tulihamia jikoni kwake, tukasali pamoja na kuku.

Jina langu nilipewa na marehemu. Walinisimulia kwamba nilipozaliwa nililia bila kunyamaza, watu wakawa wananitajia majina ya wafu wa ukoo wetu, moja baada ya jingine, ili waone nani anataka kurudi. Baba akaota nyanya yake, mama wa babu yangu, amesimama mlangoni na kibuyu. Asubuhi walilitaja jina la huyo mama na mimi nikanyamaza. Ndiyo maana nyanya, ambaye aliolewa kwa mama huyo na kuishi chini ya amri yake miaka mingi, aliniita mama mkwe.

"Mama mkwe, niletee maji," aliniambia, "lakini usinipige kama zamani."

Wageni walishangaa. Sisi tulicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Nilipofika darasa la tano, mwalimu wa Ijumaa alitutayarisha kwa ubatizo. Ilikuwa desturi ya shule: darasa la tano zima lilikwenda parokiani kwa mfadhili kabla ya likizo, likabatizwa, na kila mtoto akapewa jina jipya la kutumia katika kipindi cha Ijumaa. Hakuna mzazi aliyewahi kukataa, kwa hiyo hakuna mzazi aliyeulizwa. Wengi wao walikuwa wa kanisa hilo, na wasiokuwa wa kanisa hilo walinyamaza. Siku moja mwalimu alitusomea majina tuliyochaguliwa ili tuanze kuyazoea. Langu lilikuwa zuri. Nilitembea nikilisema kwa sauti ndogo mpaka nyumbani.

Nyanya alikuwa anachambua omena, dagaa wa ziwa letu. Nilimwambia jina.

"Hilo ni la nani?" aliuliza.

"Ni langu. La shule."

Alilirudia polepole, likamshinda katikati. Akacheka. "Sasa mama mkwe wangu amekwenda wapi? Amefukuzwa na watoto wa shule?"

Baba alikuwa nyuma ya nyumba akipiga randa ubao. Nilisikia randa imesimama.

"Una jina," alisema alipokuja. "Nani amekupa lingine?"

Hakukasirika. Baba ni mtu anayekasirika kwa kunyamaza, na siku hiyo hakunyamaza. Aliuliza maswali mengi: tunafundishwa nini, tunaapa nini, na anayekataa hufanywa nini. Sikujua majibu. Nilijua tu kwamba wenzangu wote walikuwa wamepata majina, na kwamba siku ya kwenda parokiani watavaa soksi nyeupe.

Kesho yake alivaa koti lake la mazishi, akanishika mkono, tukaenda ofisini.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka upande wa Migori, Mkuria, na hakujua Kijaluo zaidi ya salamu, hivyo mazungumzo yote yalikuwa ya Kiswahili. Mwenyekiti wa bodi alikuwepo pia, mzee wa kanisa la mfadhili, amekaa kwenye kiti cha wageni kama mwenye nyumba. Mimi nilisimama karibu na mlango.

"Mwalimu," baba alisema, "nimesikia kwa redio wakili akisema hii serikali haina dini. Sasa hii shule ni ya serikali ama si ya serikali?"

"Ni ya serikali, mzee."

"Basi huyu mtoto wangu mmempa jina la nani?"

Mwenyekiti ndiye aliyejibu. "Omera, ndugu yangu, hiyo sakafu unakanyaga iliwekwa na kanisa. Kama hutaki mambo yetu, mjengee mtoto wako darasa lake."

"Mimi najua kujenga mashua tu," baba alisema. "Darasa langu litaelea."

Mwalimu mkuu alicheka akaficha mdomo kwa mkono. Halafu alifungua kabati, akatoa kitabu cha katiba, akakifungua akipitisha kidole, kama mtu anayetafuta wimbo kanisani. Alitueleza kwa maneno yake mwenyewe: kwamba nchi haina dini ya taifa, kwamba kila mtu ana uhuru wa imani yake, na kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa kufanya jambo linalopingana na imani hiyo. Mfadhili ana nafasi yake shuleni, alisema, lakini nafasi hiyo haifiki hapo.

"Kwa hiyo mzee uko na haki," alimaliza. "Hatabatizwa kama hujakubali. Na hicho kipindi cha Ijumaa hatuwezi kumlazimisha."

"Na atakuwa wapi wengine wakisali?" mwenyekiti aliuliza. "Juu ya mti?"

"Atakaa nje asome kitabu."

"Peke yake? Wengine watauliza."

"Waulize," baba alisema.

Walipeana mikono, hata mwenyekiti. Baba alinishika begani tulipotoka na akaniambia kwa lugha yetu kwamba sasa hakuna mtu atakayenisumbua. Alifurahi. Alikuwa ameingia katika ofisi ya watu waliosoma na kutoka na kile alichokwenda kuchukua. Mimi nilikuwa na furaha kwa ajili yake, na nilikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia. Sikutaka jina jipya limtoe mama mkwe wa nyanya. Lakini nilitaka kukaa ndani na wenzangu. Nilitaka yote mawili, na kwa umri ule sikuona kwa nini moja lizuie lingine. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nisipoulizwa sisemi.

Ijumaa iliyofuata uji ulipokwisha, wenzangu waliingia darasani na mimi nikapewa kiti kwenye baraza ya nyuma, karibu na tangi la maji.

Ninaandika haya nikiwa Migori mjini, kwa shangazi, ambako nimejifunza kushona. Shule yangu iliishia darasa la nane. Mimi huandika polepole, mstari mmoja wakati wa kupumzika na mwingine jioni, na wakati mwingine cherehani ya shangazi inakimbia masikioni mpaka nasahau neno nililotaka. Tunashona sare. Kila sweta lina nembo ya shule, na nembo nyingi zina msalaba wa kanisa fulani hata kama shule ni ya serikali. Mzazi huleta mtoto, napima mabega, nabandika nembo. Mimi husema tu, "Inua mkono," na "Geuka." Lakini mtoto akiwa mnyamavu sana, hujikuta nikijiuliza huyu anakaa wapi siku ya Ijumaa.

Kwenye baraza kulikuwa na kivuli kizuri. Hilo lazima niseme. Hakuna aliyenionea. Nilipewa kitabu cha hadithi, na mpishi wa shule alinisalimu alipokuja kuteka maji. Ukuta kati yangu na darasa ulikuwa wa tofali moja, kwa hiyo nilisikia kila kitu: viti vikivutwa, mwalimu akianzisha wimbo kwa sauti yake ya chini, darasa likimfuata. Nilisikia wakicheka jambo ambalo sikulisikia mwanzo wake. Hilo lilikuwa gumu kuliko nyimbo. Wimbo ukiisha umeisha. Kicheko kinatoka nje na watu na wanaendelea nacho mpaka Jumatatu.

Wavulana walinipa jina. Waliniita Katiba.

"Katiba, leo umehubiriwa na tangi?"

"Katiba, sogea, hii benchi si ya serikali."

Si kwamba walinichukia. Mmoja wao alinigawia muhogo wake siku hiyohiyo. Lakini jina lilikaa, hata wasichana wakalitumia bila kucheka, na baada ya muda ilikuwa nadra kusikia langu la kweli nje ya nyumbani kwetu.

Sikumwambia baba. Alikuwa akisimulia habari yangu kwa wateja wake. Mtu akija kuangalia mashua yake imefika wapi, baba alinionyesha kwa patasi: "Huyu hapa shule walitaka kumbatiza, nikawasomea sheria." Hakuwa amesoma sheria yoyote, mwalimu mkuu ndiye aliyesoma, lakini nilimwacha.

Sasa niseme kuhusu kuni, kwa sababu bila hilo haya mengine hayaeleweki.

Shuleni kwetu, mwanafunzi akifiwa, darasa lake la Ijumaa lilikwenda kwao siku ya kuamkia mazishi. Kila mtoto alibeba ukuni mmoja kichwani. Walipofika walizitua karibu na moto wa wapishi, halafu walisimama mbele ya nyumba yenye msiba na kuimba. Mwenzao aliyefiwa alikuwa amevaa sare akiwangoja. Aliingia katikati yao, si mbele wala pembeni, akazungukwa pande zote. Nilikwenda mara moja nikiwa darasa la nne, kabla ya mambo ya ofisini. Nakumbuka mvulana tuliyemzunguka hakuimba. Alikuwa akipumua tu, na sisi tuliimba mahali pake. Baadaye nikiwa wa barazani niliwaona wakitoka mara kadhaa, mstari mrefu wa kuni ukishuka kilima. Mwalimu na mwavuli wake walikuwa nyuma.

Nyanya aliaga nikiwa darasa la saba. Alikuwa mgonjwa muda mfupi tu, na kabla ya kupelekwa Homa Bay hospitalini aliniambia, "Mama mkwe, usiruhusu wanawake wa huku wagawane sufuria zangu." Mwili ulikaa mochari hapo Homa Bay mpaka jamaa walipofika, ukaletwa nyumbani Ijumaa ili tuzike Jumamosi.

Asubuhi hiyo nilifua sare yangu, nikaikausha juu ya moto, nikaivaa ikiwa na unyevu. Nilikaa kwenye jiwe langoni.

Shangazi wa Migori alikuwa amefika. Alinitazama. "Mbona sare na shule hujaenda?"

"Wanakuja," nilisema.

"Nani?"

"Darasa letu."

"Watakukuta. Njoo ule kwanza."

Nilisema sina njaa. Watu wetu wa roho walifika na ngoma na kanzu zao, wakanipita wakanigusa kichwa. Gari la mochari likaja, watu wakalia, nami nikalia nikiwa palepale langoni kwa kuwa niliogopa kwamba nikiingia ndani watafika wasinione. Nilikuwa nimeamua nitakaposimama. Sikufikiria nyimbo zao ni za nani. Nilifikiria tu mabega yao pande zote. Kutoka pale nilipokaa niliona kipande kirefu cha njia ya shule, na kila mwenye mzigo kichwani aliyetokea nilimhesabu kuwa wa kwanza wao. Kumbe alikuwa mama wa sokoni. Alikuwa mtu na gunia la makaa. Jua lilipogeuka kuwa la jioni nilijua shule imefungwa, na bado nilikaa.

Tulizika kesho yake. Ngoma zilipigwa vizuri. Nilikuwa na watu wengi sana karibu yangu na wote walikuwa wakubwa.

Jumatatu, msichana niliyekaa naye dawati moja alinisogelea kabla ya gwaride.

"Pole ya nyanya."

"Asante."

"Tulikuwa tunakuja," alisema. "Kuni tulileta kila mtu. Hata mimi nilileta mbili."

"Mbona hamkuja?"

Alitazama chini. "Mwalimu alituambia tuziweke. Alisema kwenu hamtaki nyimbo zetu, na kwamba babako aliongea na hedi, kwa hivyo tukienda tutakuwa tumevunja sheria."

"Kuni ziko wapi?"

Kabla hajajibu, mvulana mmoja nyuma yetu alisema, "Zimepika uji. Na leo utakunywa, Katiba."

Watu wawili watatu walicheka, halafu wakaacha, kwa sababu nyanya yangu alikuwa bado ni maiti mpya. Saa nne nilikunywa uji. Ulikuwa uleule wa siku zote.

Hapo ndipo nilipomwambia baba, jioni, maneno machache. Alikuwa anaziba nyufa za mashua kwa pamba, akiisukuma kwa patasi na nyundo ndogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikataa jina," alisema. "Kuni nilikataa lini?"

Alikwenda shuleni bila koti lake. Alipotoka huko hakuwa na hadithi ya kuwasimulia wateja. Alinieleza mimi peke yangu. Mwalimu wa Ijumaa alikuwa amemuuliza mwalimu mkuu kama waje. Mwalimu mkuu akamuuliza mwenyekiti. Mwenyekiti akasema yule fundi aliwashinda kwa sheria, wasimpe nafasi ya pili. Mwalimu mkuu naye hakutaka kuivunja ahadi aliyoitoa kwa mdomo wake. Hakuna aliyekuwa mbaya. Kila mmoja aliogopa kutukosea, na kwa kuogopa huko walibaki kwao.

"Yule mama wa mwavuli alilia," baba alisema. "Mbele yangu. Sikujua nifanye nini."

Akachukua pamba, akaisokota, akaiacha.

"Mimi nilienda kule ili usilazimishwe," alisema. "Nikikulazimisha mimi kukaa nje, ni ileile. Unataka kuingia ama unataka kukaa?"

Lilikuwa swali nililolisubiri tangu siku ya ofisini, na lilipokuja nilikuwa bado nataka yote mawili. Nilitazama mikono yake. Alingoja muda mrefu kwa mtu mwenye kazi. Halafu aliendelea kugonga, na nikaelewa kwamba kugonga huko ni ruhusa: Ijumaa ningefanya nitakavyo na yeye hatauliza.

Ijumaa ilipofika niliingia.

Nilisimama mlangoni uji ukiwa bado mdomoni. Mwalimu alinitazama, akatabasamu, akaonyesha nafasi kwa mkono wazi kama anavyofanya mtu mgeni akiingia kwake. Benchi zilikuwa zimejaa kwa mpangilio wao wa miaka miwili, kila mtu na mwenzake, kwa hiyo nilikaa mwisho wa benchi ya dirishani, nusu yangu ikiwa hewani. Yule msichana wa dawati langu alikuwa mbele kabisa. Aligeuka mara moja, halafu akatazama ubao.

Nyimbo za miaka hiyo miwili nilizijua zote, kupitia ukutani, lakini nilizijua bila maneno. Nilijua mahali sauti inapopanda na mahali wanapovuta pumzi. Sikujua wanasema nini. Nilifungua mdomo nikaufunga.

Kisha mwalimu alianza kuuliza maswali kuhusu sura waliyosoma wiki iliyopita. Alimwita kila mmoja kwa jina lake la ubatizo, yale majina ya parokiani, na nilishangaa ni mangapi sikuyatambua. Watu niliokaa nao mwaka baada ya mwaka waliitikia majina niliyosomewa mara moja tu, nikayasahau. Alipofika kwangu alisita. Niliona akifikiri. La kanisa hakuweza kulitumia, kwa kuwa baba alilikataa. Lile la nyumbani kwetu aliliogopa, nadhani, kwa kuwa tangu ubatizo majina ya nyumbani hayakutumika katika kipindi kile na yeye hakutaka kukosea tena.

"Na wewe," alisema kwa upole, "wewe wa dirishani."

Swali lilikuwa rahisi na nilijua jibu. Nililisema. Akasema vizuri, akamgeukia aliyefuata, akamwita kwa jina.

Nilirudi Ijumaa nyingine, na nyingine nikakaa kwenye baraza. Ilikuwa hivyo mpaka nilipomaliza. Nilipoingia walinipisha. Nisipoingia hakuna aliyekuja kunitazama. Maneno ya nyimbo niliyajua mwishowe, na hakuna aliyenikataza kuyaimba, wala hakuna aliyenitaka niyaimbe. Niliyaimba kwa sauti ndogo nikitazama nje ya dirisha.